Kila Mtu na Ng'ambo Yake

Ugomvi ulianzia kwenye kopo la peremende.

Walikuwa wametandika kitambaa kwenye majani kando ya mto Lot, baiskeli zao zimeegemea ukuta wa mawe, na Fabrice Cazals alikuwa anakata mkate kwa kisu chake cha mfukoni. Mpaka hapo siku ilikuwa imewaendea vizuri. Asubuhi treni ya Toulouse ilimshusha Nadège stesheni ya Capdenac, na Fabrice akaipokea kwanza baiskeli yake, akaiegesha vizuri, ndipo akambusu. Kisha wakateremka na bonde, yeye mbele, Nadège nyuma, barabara ikiufuata mto bila haraka, upande mmoja mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, upande wa pili majabali meupe. Oktoba ilikuwa imeingia lakini jua lilikuwa bado la kuvulia koti.

Nadège akafungua mkoba uliofungwa kwenye keria, akatoa kopo dogo la bati lenye rangi ya zambarau.

"Nimemletea mama mkwe wako peremende za maua ya urujuani," alisema. "Unadhani atazipenda?"

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Atazipenda sana," Fabrice alisema. "Ila leo usimpe."

"Kwa nini?"

"Mpe kesho. Au siku ukiondoka."

"Fabrice, niangalie."

Hakumwangalia. Nadège alikuwa dereva wa basi la shule, na miaka yote ya kuwatazama watoto kwenye kioo ilimfundisha kumjua aliyetupa ganda la ndizi kabla hajaulizwa. Akaliweka kopo chini.

"Umemwambia nini kuhusu mimi?"

"Nimemwambia kuna mtu anakuja."

"Mtu gani?"

"Mwendesha baiskeli. Anateremka na bonde, atalala kwetu siku mbili." Fabrice alipangusa kisu kwenye suruali. "Unajua vile vyumba vya uani. Mama hupokea wageni wa baiskeli majira yote."

Upande wa pili wa mto trekta lilikuwa linanguruma, likazimika.

"Umenikodishia chumba," alisema taratibu. "Nyumbani kwako. Mimi."

"Nadège—"

"Na chai ya asubuhi imo, au nalipia pembeni?"

"Nilitaka akuzoee kwanza. Akupende bila kujua, halafu ndiyo nimwambie."

"Anipende kama nani? Kama mteja asiyechafua bafu?"

Fabrice akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, na mbele ya mashine yoyote hakuna kilichomshinda. Mbele ya maneno alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimwoa Maud, mtoto pekee wa mwenye shamba, na Maud alipofariki kwa ugonjwa miaka sita iliyopita, yeye hakuondoka. Alibaki kwa mama mkwe wake, Adrienne, akimlimia, akimwita mama, akila naye mezani jioni kwa jioni. Shamba lilikuwa la Adrienne na nyumba ilikuwa ya Adrienne, lakini si hilo lililomfunga. Alimpenda yule mzee.

Nadège alilijua hilo tangu siku ya kwanza, alipopeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya wakulima kuangalia mabata na Fabrice akamletea dereva kahawa ndani ya basi. Ndiyo maana alikuwa na subira. Kwa miaka miwili alikubali kukutana naye katika miji ya katikati, vyumba vya hoteli vyenye mapazia mazito. Alijifunza hata kuendesha baiskeli, yeye aliyekuwa hajawahi kuipanda tangu azaliwe, akizunguka na kuanguka kwenye uwanja wa kuegeshea mabasi huku madereva wenzake wakishangilia, kwa sababu Fabrice alisema anataka aingie bonde lake kwa baiskeli, aione njia yote mpaka mlangoni. Na sasa mlango wenyewe ulikuwa huu.

"Kila nikikuuliza una sababu," alisema. "Kwanza ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Maud. Sawa. Halafu nyonga ya mama. Halafu mavuno. Sasa hivi ni nini?"

"Sasa ni zafarani," Fabrice alisema. "Imechanua mapema."

Alisema kweli, kwa uso wa kweli, hata Nadège akakaribia kucheka, na huko kukaribia kucheka ndiko kulikomkasirisha zaidi.

"Unamwogopa."

"Simwogopi. Ana mtu mmoja tu duniani, Nadège, na mtu huyo ni mimi. Nikimwambia nina mwanamke Toulouse, atasikia neno moja tu, kwamba naondoka."

"Na mimi nina watu wangapi?"

Nadège akakunja kitambaa na makombo yake ndani, akakisukumiza mkobani pamoja na lile kopo, akaivuta baiskeli yake kutoka ukutani.

"Nyumba yenu iko ng'ambo ipi?"

"Ya kushoto. Lakini barabara nzuri ni hii ya huku, ile ya kushoto ina mlima mrefu—"

"Basi napita ya kushoto."

"Hujui njia."

"Ni mto, Fabrice. Nitaufuata. Wewe usinifuate. Barabara ziko mbili, kila mtu achukue yake."

Akavuka daraja la karibu bila kugeuka nyuma. Alipofika upande wa pili akageuka, na moyo ukamuuma kuona kwamba Fabrice alikuwa amemtii.

*

Waliteremka hivyo alasiri yote, mto katikati yao.

Mwanzoni Nadège alikanyaga kwa hasira, akidhani atamwacha. Lakini kila miti ilipoachana alimwona kule ng'ambo, shati lake la bluu, amelala kidogo juu ya usukani, sambamba naye. Akipunguza mwendo, naye alipunguza. Nadège akaongeza gia, akapita kijiji kimoja chenye mbwa wawili na kanisa lililofungwa, akapita bustani za maboga, na shati la bluu likatokea tena baada ya kona, palepale lilipostahili kuwa.

Halafu mlima ukaja. Jabali lilikuwa limeisukuma barabara ikaacha mto, ikapanda juu. Nadège alijitahidi mpaka mapaja yakawaka moto, akashuka, akaanza kuisukuma baiskeli kwa miguu huku jasho likimwingia machoni. Juu kabisa akasimama kuvuta pumzi, akaangalia chini.

Fabrice alikuwa ameipindua baiskeli yake kandokando ya barabara, amechuchumaa, anaukagua mnyororo. Mnyororo wa Fabrice haukuwahi kukatika tangu amjue. Alikuwa mtu wa kuupaka mafuta kila Jumapili. Akaushika hapa, akaushika pale, akainua uso kidogo kutazama juu ya jabali, akauinamisha haraka.

"Mjinga wewe," Nadège alisema peke yake, na sauti yake haikuwa kali kama alivyotaka.

Akateremka mlima na breki zimebanwa. Alipoungana tena na mto, shati la bluu lilikuwa limeshapanda baiskeli.

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipofika kwenye daraja la Montbrel, daraja jembamba la nyaya lililofungiwa pande zote mbili kwa uzio mwekundu. Mbao zake za kukanyagia zilikuwa zimeng'olewa. Ulikuwa unaona maji. Mto mahali pale ulibanwa na kingo, na Fabrice alikuwa amesimama upande wake, mguu mmoja chini.

"Limefungwa tangu wiki iliyopita," alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona umekuja na upande huo?"

"Ulisema nisikufuate."

Nadège akaufunga mdomo wake kwanza, maana neno lililotaka kutoka lilikuwa la mapenzi.

"Nyumba iko wapi?"

"Kona ya pili, geti la kijani. Nadège, nisubiri hapohapo. Nakwenda daraja la chini, nazunguka. Si mbali sana."

"Ni mbali?"

"Ni mbali kiasi," Fabrice alikiri. "Nisubiri lakini."

"Nimekusubiri miaka miwili."

"Utamwambia nini?"

"Kwani mteja anaambia watu nini? Nitasema nimefika."

Kisha Fabrice akaigeuza baiskeli, akasimama juu ya kanyagio na kuikimbiza kama kijana wa mashindano, mikoba ikirukaruka nyuma yake. Nadège alimtazama mpaka akapotea. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaenda kulitafuta geti la kijani.

*

Adrienne Vayssade alikuwa amekaa mezani barazani, amezungukwa na maua. Vikapu vitatu vya maua ya zafarani, ya rangi ya zambarau, vilikuwa miguuni pake, na mengine yamemwagwa mezani. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimekatwa fupi, aproni imefungwa juu ya sweta.

"Wewe ndiye mwendesha baiskeli," alisema. "Karibu, mama. Utaniwia radhi sisimami. Yasipochambuliwa leo kesho ni takataka. Fabrice yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo. Daraja limefungwa."

"Anajua limefungwa. Ni yeye aliyeniambia mimi. Anafanya nini ng'ambo?"

Nadège angeweza kusema lolote. Alikuwa amechoka mno kusema lolote.

"Tumegombana," alisema.

Adrienne akainua uso. "Mteja na mwenye nyumba wanagombana kabla ya kufika nyumbani? Hiyo mpya." Akamwangalia zaidi, magoti yake yenye vumbi, uso wake mwekundu. "Maji yako pale bombani. Ukishanawa, kaa. Unaweza kunisaidia au unaweza kuniangalia, yote sawa."

Nadège akanawa, akakaa, akasaidia. Kila ua lilikuwa na nyuzi tatu nyekundu katikati, na kazi ilikuwa kuzitoa zote pamoja bila kuzikata. Za kwanza zilimkatikia.

"Usivute kwa kucha. Bana hapa chini, zitoke na mguu wake. Eh, hivyo."

Walichambua pamoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa mzee havikukunjika vizuri, na mara kwa mara aliupumzisha mkono huo mapajani. Nadège aliona kikombe cha Fabrice dirishani, aliona viatu vyake vya shamba mlangoni. Mtu aliyekuwa akimjua kwa vipande alikuwa hapa mzimamzima.

Akafuta mikono, akalitoa kopo la peremende, akaliweka katikati ya maua.

"Hii ni zawadi yako," alisema. "Mimi si mteja, mama. Naitwa Nadège. Mimi na Fabrice tunapendana. Alipaswa kukwambia yeye, na anakuja kukwambia, lakini siwezi kula chakula chako huku nakudanganya."

Adrienne hakuligusa kopo. Akachukua ua, akalichambua, akachukua lingine.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miwili." Ua lingine. "Miaka miwili nampigia pasi mashati ya kuja kwako. Aliniambia ni mikutano ya ushirika. Nikawa najiuliza, ushirika gani huu mtu anajipaka manukato kwenda kuzungumza bei ya mbolea. Nikajiuliza, lakini sikutaka kujijibu."

"Samahani."

"Samahani ya nini? Wewe ulinidanganya? Ndiyo kwanza nakuona leo." Sauti yake ilikuwa tulivu, ila mikono ilikuwa imesimama. "Maud ndiye aliyemleta hapa. Alikuja na begi moja, kijana hajui hata kukamua. Mwanangu akaenda, akaniachia yeye. Ndicho alichoniachia. Sasa umekuja kumchukua."

"Sijaja kumchukua."

"Mnasema hivyo wote wa mjini. Mnakuja Agosti, mnapiga picha mto, mnasema hapa ni peponi. Septemba hayupo mtu."

"Hii ni Oktoba," Nadège alisema. "Na sisemi ni peponi. Huo mlima wenu umetaka kuniua."

Kitu kidogo kilitikisika kwenye mdomo wa mzee, kikapotea.

"Basi utahamia hapa?"

"Hapana. Naendesha basi la shule. Naipenda kazi yangu na watoto wangu wa basini, hata wale watukutu. Siwezi kukuahidi kitu nisichoweza."

"Humchukui, huhamii. Unataka nini basi?"

Nadège alifikiri. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hili.

"Nataka kujulikana," alisema. "Nikipiga simu hapa ukapokea wewe, nisikate."

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilidhani ni wauza bima," Adrienne alisema. "Nimeshakutukana sana."

*

Fabrice aliingia getini akikokota miguu, shati la bluu limekuwa jeusi kwa jasho. Aliwaona wanawake wawili mezani, akaona kopo la zambarau, akajua. Lakini aliiegesha baiskeli yake, akavua kofia, akaja mpaka mbele ya meza na kusimama kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Mama," alisema. "Huyu si mteja."

"Nimeshaambiwa."

"Najua umeambiwa. Niache niseme. Ulipaswa kusikia kwangu." Alivuta pumzi. "Anaitwa Nadège na nampenda. Nimekuficha wewe, na yeye nimemficha kama mtu ninayemwonea haya, na simwonei haya. Niliogopa tu. Niliogopa utaona namsahau Maud. Simsahau. Na shamba siliachi, wewe sikuachi. Lakini yeye pia simwachi. Ukisema nitoke—"

"Nani amesema utoke?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi usiniwekee maneno mdomoni. Nina yangu ya kutosha." Adrienne akashika ukingo wa meza, akasimama kwa taabu, akaukataa mkono wa Fabrice aliotaka kumsaidia. "Nakwenda kufungia kuku."

Wakamsikiliza akiondoka, fimbo yake ikigonga mawe ya uani. Alikawia huko kuliko kuku wanavyotaka.

Fabrice hakuthubutu kukaa. "Umechoka?" aliuliza.

"Usiniulize kama nimechoka. Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Umezunguka mpaka wapi?"

"Mpaka lile daraja la chini, la reli. Halafu nikarudi na mlima wa upande wa kule."

Nadège akamtazama, midomo yake mikavu. Huyu mtu, aliyechukua miaka miwili kusema sentensi tatu, alikuwa ameshazisema, na zilikuwa zote za kweli. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kofi. Akamsogezea kikapu.

"Kaa chambua maua," alisema. "Vidole vya mama yako vinamuuma."

Akakaa. Chini ya meza goti lake likaligusa la Nadège, naye hakulisogeza lake.

Adrienne aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya supu ya kitunguu saumu na mkate, akasukuma maua pembeni.

"Sitasema nimefurahi," alisema akipakua. "Nikisema hivyo nitakuwa naongopa, na uongo umetosha katika nyumba hii. Chumba cha juu, chenye dirisha la mtoni, kilikuwa cha Maud. Hicho hapana."

"Sikiombi," Nadège alisema.

"Vizuri. Na Krismasi tunakula mapema, sitaki mtu wa kufika chakula kimepoa."

Fabrice akaacha kijiko hewani. Nadège akamkanyaga mguu asije akaharibu kwa kusema kitu.

Wakala. Adrienne aliuliza basi la shule linabeba watoto wangapi, kama wanatapika, na kama ni kweli Toulouse mtu anaweza kukaa miaka asimjue jirani. Nadège akajibu yote kama yalivyo. Kulikuwa na nyakati mzee aliacha kula ghafla akitazama bustanini, nao wakamsubiri. Maua ya mwisho yalichambuliwa kwa jozi tatu za mikono, nyuzi nyekundu zikatandazwa kwenye chujio kukauka juu ya jiko, na baraza zima likanukia zafarani.

Giza lilipoanza kuingia Adrienne akajifuta mikono kwenye aproni, akasema amechoka, akaingia ndani. Walimsikia akipanda ngazi, kidato kimoja, kingine, kisha akasimama katikati.

"Fabrice."

"Naam, mama."

"Huko mjini anafanya kazi mpaka Ijumaa?"

"Mpaka Ijumaa mchana."

Kidato kingine kikalia, hata Nadège akadhani ameshaenda zake.

"Mvua ikinyesha asije na baiskeli kutoka stesheni," sauti ilisema. "Umfuate na gari. Ule mlima unateleza."

Mlango wa juu ukafungwa. Fabrice aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yake yakatikisika, na Nadège akaweka mkono wake wenye rangi ya zafarani shingoni mwake, akauacha hapo.